Kigae Kimepinda, Kimepasuka, Kimetoa Chunusi: Uliza Kwanza Kimeumia Lini

Jumapili moja ya mwezi wa saba nilifungua tanuri langu la uani, hapa Kihesa, Iringa. Viliingia vigae 24, vikatoka vizima 11. Vingine vilikuwa vimejikunja pembe kama chapati iliyosahauliwa kikaangoni, vingine vina ufa, na viwili nilivikusanya kwa ufagio. Nikalaumu kuni. Safari iliyofuata nikanunua kuni nyingine, kavu kweli kweli, kwa bei iliyoniuma, na hasara ikawa ile ile.

Kuni hazikuwa na kosa. Tanuri lilitangaza matokeo tu; mtihani nilikuwa nimeshaufeli mezani wiki tatu nyuma, siku nilipoinua bamba la udongo mbichi kwa mikono miwili likaning'inia kama kanga kwenye kamba. Toka siku ile kigae kikiharibika siulizi kwanza kwa nini. Nauliza lini: mezani, kivulini, motoni, au kikiwa kinapoa? Kila hatua huacha alama yake, na ukishaijua hatua, vyanzo vya kuchunguza hubaki kimoja au viwili. Anayeanza na "kwa nini" hubadilisha mambo matano kwa mpigo, na hata akifanikiwa hajui lipi lililomponya.

Ninachotengeneza ni vigae vya mapambo vya sentimita 15 kwa 15, unene milimita 10, vyenye alama za mimea ya huku kwetu: kangaga, yale majani ya vijitoni yaliyojipanga kama unyoya, majani ya mparachichi, vitawi vya chai kutoka Mufindi, na maua ya Kitulo. Haya ya Kitulo siyachumi. Ile ni hifadhi ya taifa tangu 2005 na humo huondoki na hata unyasi. Napiga picha, nachonga mhuri wa udongo nyumbani, nauchoma, kisha ndio naugandamiza kwenye kigae. Udongo wangu ni mwekundu wa bondeni, moto ni wa kuni, na joto ni kati ya nyuzi 950 na 1,050 za Selsiasi.

(Fundi wa nyumba ataviita tailizi. Mimi nalipenda neno kigae, ambalo ni jina la kipande cha chungu kilichovunjika pia. Ndilo gae la "mfinyanzi hulia gaeni". Mwaka wangu wa kwanza jina hilo lilinifaa kwa maana zote mbili.)

Pembe zimenyanyuka

Kumbuka kwanza: zilinyanyuka kigae kikikauka, au kilienda tanurini kikiwa bapa?

Kama ni wakati wa kukauka, uso wa juu umenywea kabla ya mgongo. Huku kwetu huu ni ugonjwa wa kiangazi. Kuanzia Juni upepo wa Iringa ni mkavu na hautulii, na kigae kilicholazwa juu ya plaiwudi au nailoni kinapumua upande mmoja tu. Juu kunakauka na kuvuta, chini bado kuna maji, pembe zinainuka. Watu wengi hapa huzigandamiza kwa kidole zirudi chini. Zitarudi, zitatulia siku mbili, kisha tanurini zitainuka tena.

Dawa yangu ni vipande vya jipsam bodi ambavyo mafundi wa dari huvitupa. Nasubiri hadi alama ya jani ikaze, yaani ukibonyeza kwa kidole udongo unakataa na ukichora kwa ukucha unakubali. Hapo nakilaza kigae juu ya kipande kimoja, nakifunika na kingine, juu naweka tofali moja. Jipsam hunyonya maji pande zote mbili kwa mwendo mmoja. Siku tatu za kwanza nageuza asubuhi na jioni, na vipande vilivyolowa navibadilisha na vikavu. Kingo za jipsam zibe kwa gundi ya karatasi, kwa sababu chenga zake zikiingia kwenye udongo zitakuletea chunusi nitakazozieleza mbele. Na kwa kuwa ukingo wa kigae hukauka kabla ya katikati, funika kingo peke yake kwa utepe wa nailoni hadi katikati kufikie.

Kama kilienda tanurini bapa na kikarudi kimepinda, rudi mezani. Udongo una kumbukumbu. Ukiukunja ungali mbichi, hata kwa sekunde mbili wakati wa kuuhamisha, halafu ukaulaza ukanyooka, moto utaukumbusha ule mkunjo. Bamba la udongo lisiinuliwe kwa mikono. Lifunike kwa kibao cha pili, ushike vibao vyote viwili, ugeuze kwa pamoja. Kusukuma nako kuna kosa lake: ukisukuma upande mmoja tu kama anayetengeneza chapati ya haraka, chembe zote zinalala uelekeo mmoja na kigae kinanywea zaidi upande mmoja. Sukuma mara mbili, zungusha robo, geuza chini juu, sukuma tena.

Kisha kuna suala la kukata. Udongo uwahi ungali maji, walisema wahenga, na katika kulea mtoto sibishi. Katika kukata vigae nabisha. Kisu kikipita kwenye udongo wenye maji kinauburuta, ukingo unavutika, na ukingo uliovutika ndio unaokuja kupinda. Acha bamba likaze saa kadhaa, ndipo ukate.

Ukifanya yote haya na bado vinapinda, udongo wenyewe unanywea mno. Pima. Chora mstari wa sentimita 10 kwenye kipande kibichi, kaushe, choma, upime tena. Ukibaki sentimita 8.8, udongo wako unanywea asilimia 12, na ili upate kigae cha sentimita 15 lazima ukate sentimita 17 hivi. Ukizidi 12, punguza kwa kuchanganya unga wa tofali za kuchoma zilizovunjika, ambazo Iringa hazinunuliwi, unaomba tu. Twanga, chekecha kwa wavu wa mbu wa dirishani, tia sehemu moja kwa kila sehemu nne za udongo mkavu. Unga huo ulishanywea motoni, haunywei tena, na hufungulia maji njia za kutokea. Vigae vyangu vilitulia zaidi kwa hili kuliko kwa kitu kingine chochote nilichojaribu.

Jambo dogo la tanurini: nyunyizia mchanga laini chini ya kila kigae. Kikinywea kinahitaji kuteleza. Kikinasa chini, kitapinda au kitachanika katikati.

Kuna ufa

Ufa usome mahali ulipoanzia na namna midomo yake ilivyo.

Ulioanzia ukingoni na kuingia ndani kidogo, mpana nje na mwembamba ndani, ni wa kukauka. Ukingo ulikimbia, katikati kukabaki nyuma. Dawa ni ile ile ya kufunika kingo. Usihangaike kuuziba kwa uji wa udongo kigae kikiwa kikavu. Uji utanywea, kigae hakitanywea tena, na ufa utafunguka pale pale. Kivunje, loweka, anza upya. Udongo ambao haujachomwa haupotei.

Ulionyooka ukifuata mshipa mkuu wa jani ni kosa letu sisi wapenda majani. Jani la mparachichi lina mshipa mnene kwa chini. Ukiligandamiza kwa nguvu ili upate alama nzuri, mshipa unazama milimita nne au tano kwenye kigae cha milimita kumi, na hapo umeshachora mahali pa kuvunjikia, kama anayekata kioo. Alama isizidi theluthi ya unene. Kata kikonyo chote, punguza mshipa kwa wembe, laza jani upande wa mishipa ukiwa chini, sukuma mara moja tu. Kangaga haina tabu hii; ni nyembamba na inaacha alama kali hata ukiigusa kidogo, ndiyo maana anayeanza namshauri aanze nayo. Na jani liondoe udongo ukishakaza. Likibaki hadi likauke linajikunja, na linapojikunja linanyofoa kingo za alama yako. Vipande vidogo vilivyonasa viache, moto utavila na kuacha jivu la kufuta kwa brashi.

Halafu kuna ufa unaotisha, ule unaopita kigae kizima kwa mstari safi. Kama kigae kina glezi, yaani ule mng'ao wa kioo, tazama midomo ya ufa kwa karibu. Midomo ikiwa ya mviringo, glezi imeshuka na kuizunguka, maana yake ufa ulikuwepo kabla glezi haijayeyuka. Rudi kwenye kukausha au kwenye kupandisha moto. Midomo ikiwa mikali kama kioo kilichovunjika, inayoweza kukukata kidole, ufa ulitokea glezi ikiwa imeshaganda. Kosa ni la kupoa.

Kwenye nyuzi 573 chembe za mchanga zilizomo kwenye udongo hubadilika umbo ghafla: moto ukipanda zinatanuka, ukishuka zinanywea. Kama sehemu moja ya kigae imeshapita nyuzi hizo na nyingine bado, kinajichana chenyewe. Bamba la kigae liko hatarini kuliko chungu, kwa sababu ukingo hupoa haraka mno kuliko katikati. Mimi nilikuwa nafungua tofali za mlango jioni ile ile nione kilichotoka. Mwezi wa sita au wa saba, jioni ya Mbeya au Iringa, ule upepo unaoingia tanurini ni sawa na kumwagia maji. Sasa nikimaliza kuchoma naziba kila tundu kwa tope, mdomo wa kuni na bomba la moshi pia, na silifungui hadi mkono uvumilie tofali la ndani. Kwangu hiyo ni siku na nusu. Vigae visimamishe kwa ukingo vikiwa na nafasi kati yake, au vilaze vimetengana, ili hewa ipite pande zote kwa usawa.

Kimelipuka

Sauti yake hutaisahau: puu, kama mahindi ya bisi ndani ya debe. Utaambiwa ni hewa iliyobaki ndani ya udongo. Sikubaliani. Hewa ndani ya udongo mkavu haina nguvu ya kuvunja kitu. Nimechoma makusudi vipande vyenye mapovu, vikatoka salama. Kinacholipuka ni maji. Mapovu kosa lake ni kwamba maji hukawia kutoka karibu nayo, na watu wanapokanda vizuri zaidi huwa wanakausha vizuri zaidi pia, hivyo sifa inakwenda kwa kukanda.

Wanaochoma nyanda za juu wakumbuke jambo linalojulikana na kila anayepika maharage Mbeya: maji huku yanachemka mapema. Kwa mwinuko wa mita 1,600 au 1,700, yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95. Mwongozo ulioandikwa na watu wa pwani utakwambia ushikilie moto chini ya nyuzi 100. Huku, kwenye nyuzi 97 maji yaliyobaki ndani ya kigae yameshakuwa mvuke. Nashikilia 80 kwa saa tatu, kwa vijiti vyembamba tu mdomoni mwa tanuri, kisha napanda polepole hadi 200. Baada ya hapo hatari ya kulipuka imekwisha.

Hata hivyo swali la lini linaturudisha tena kivulini. Kigae kiweke shavuni. Kikiwa cha baridi kuliko meza kilichokalia, bado kina maji. Iringa wakati wa kiangazi siku kumi zinatosha. Tukuyu, wilayani Rungwe, ni habari nyingine: kule mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, na kigae kinaweza kukaa mwezi kikaonekana kikavu huku kimejaa unyevu wa hewa. Anayefanya kazi Rungwe asiamini macho, aamini mizani. Pima kigae, kiache karibu na jiko usiku kucha, pima tena. Kikipungua hata gramu chache, hakijakauka.

Tazama pia namna kilivyovunjika. Kilichorusha vipande vidogo vya mviringo kutoka usoni kililipuka mwanzoni mwa moto. Kilichogawanyika vipande viwili vikubwa bila chenga ni kesi ya kupoa, na hapo unarudi kwenye ufa.

Kimetoa chunusi baada ya wiki mbili

Hili ndilo linalotia aibu, maana hutokea kigae kikiwa tayari kwa mteja. Kilitoka tanurini kizuri. Siku kumi baadaye kina vishimo, na ndani ya kila kishimo kuna nukta nyeupe.

Hiyo nukta ni chokaa. Chenga ya mawe ya chokaa ikiwa ndani ya udongo, moto ukipita nyuzi 850 hivi inageuka chokaa hai, ile inayochemka ukiimwagia maji. Kigae kikitoka, chokaa inaanza kunywa unyevu wa hewa, inavimba, inausukuma uso hadi unabanduka. Ndiyo maana haitokei siku ya kwanza, na ndiyo maana msimu wa mvua zinaongezeka. Jipsam niliyoitaja juu hufanya ujinga unaofanana na huu.

Kwa hiyo lini? Siku ya kuchimba. Udongo wa upande wa Songwe uchunguze sana, maana mawe ya chokaa yako tele kule. Ndiyo yanayolisha kiwanda cha saruji. Kipimo ni rahisi: kausha donge, dondoshea siki au ndimu. Likitoa povu, kuna chokaa. Povu la hapa na pale linamaanisha chenga zimetawanyika, na hizo zinatibika: koroga udongo uwe uji, pitisha kwenye wavu wa mbu, kisha kwenye kitambaa chembamba cha soksi ndefu za kike. Chokaa iliyo laini kama unga haina nguvu ya kubandua; chenga ndizo mbaya. Donge zima likichemka povu, tafuta shimo jingine.

Na vile ambavyo vimeshachomwa? Vitumbukize kwenye ndoo ya maji vikiwa bado na uvuguvugu wa tanuri, vizame kabisa, vilale humo. Chokaa inalowa yote kwa mara moja, inakuwa tope laini, na mara nyingi haibandui. Haiponyi chenga kubwa. Nilipoteza hivyo seti nzima ya vigae 40 vya ukuta wa jiko, ndoo na maji yake vikinitazama.

Tusichanganye weupe huu na mwingine. Utando mweupe ukingoni na pale ulipoacha alama za vidole, unaoonekana hata kabla ya moto, ni chumvi za udongo zilizosafiri na maji hadi pa kukaukia. Badilisha maji, osha udongo, kausha taratibu. Unga mweupe unaotokea kwenye mistari baada ya kigae kubandikwa ukutani unatoka kwenye saruji ya fundi, na hapo umwite fundi.

Kimebaki laini, kikigongwa kinasema "bwe"

Kigae kilichoiva kinalia kama kikombe. Kinachosema bwe, kinachokwaruzika kwa msumari, hakikufika joto. Kama huna kipima joto, tundu la kuchungulia linakwambia: wekundu hafifu unaoonekana gizani tu ni karibu nyuzi 600, wekundu wa damu ya mzee ni 750 au 800, rangi ya chungwa lililoiva ni 950 hadi 1,000. Kagua jioni, mchana jua linadanganya.

Mwenye tanuri la umeme atazame volti kabla ya kulaumu waya. Tanuri lililotengenezwa kwa volti 230 likipata 200, nguvu yake haipungui kidogo kama namba zinavyoonekana. Inashuka hadi asilimia 76, na nyuzi mia za mwisho hazipatikani. Saa moja hadi saa nne usiku, mtaa mzima ukiwa unapika na kutazama televisheni, ndipo volti hulegea. Anza kupandisha moto wa juu baada ya saa tano. Hakikisha pia LUKU ina yuniti za kumaliza safari.

Kivunje kigae kimoja utazame ndani. Kiini kikiwa cheusi, kati ya nyuzi 700 na 900 ulikimbia au ulibana hewa, na mabaki ya mizizi na majani hayakuungua. Kiini hicho ndicho kitakachotoboa glezi yako baadaye.

Glezi imeharibika

Kwanza onyo. Kuna watu wanaponda risasi ya betri chakavu za gari kupata glezi inayoyeyuka kirahisi. Usifanye, wala usikae karibu na anayefanya; risasi ni sumu kwa anayeponda, anayechoma na mtoto anayelamba. Vumbi la udongo na la chupa nalo linakaa mapafuni. Chumbani kwangu hakufagiliwi, hupigwa deki.

Glezi yangu ni unga wa chupa zilizosagwa ndani ya maji, sehemu 85, na udongo mweupe wa Pugu, sehemu 15. Inayeyuka vizuri kwenye nyuzi 1,040, ikijaa kwenye mishipa ya jani kama maji ya bwawa. Na inapasuka nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Kioo cha chupa kinapopoa kinanywea zaidi ya udongo ulio chini yake, kwa hiyo kinajivuta hadi kinachanika. Ukiongeza mchanga mweupe uliosagwa laini sana nyufa hupungua, na joto la kuyeyukia hupanda. Mimi kwenye vigae vya ukutani naziacha; zinafanana na tope la bwawa lililokauka, na wateja wanazipenda. Pale penye maji ya kudumu au chakula sizitumii.

Kasoro ya kinyume chake ni glezi kubanduka kingoni kama magamba. Huko udongo ndio ulionywea zaidi, ukaisukuma glezi itoke. Hii usiivumilie, magamba yake yanakata.

Glezi iliyojikusanya na kuacha mabaka matupu inahusu siku ya kupaka. Kigae kilikuwa na vumbi, au kilishikwa na mikono yenye mafuta (mimi nilikuwa nimetoka kula kitumbua), au glezi ilikuwa nene ikapasuka ilipokauka, kabla hata ya moto. Futa kigae kwa sponji yenye unyevu, shika kingo tu, na glezi iliyokauka isifikie unene wa kadi ya kitambulisho. Vitundu vidogo kama vya sindano ni hewa iliyotoka chini; mara nyingi ni kile kiini cheusi. Choma mara ya kwanza, kabla ya kupaka glezi, polepole zaidi, na mara ya pili, kigae kikiwa na glezi, ukifika kileleni shikilia dakika 20 vitundu vifunge.

Udongo mweupe uliopaka juu ya mwekundu ukibanduka, uliupaka kigae kikiwa kimeshakauka. Paka udongo ungali na maji, vinywee pamoja. Kwa hili wahenga walikuwa sahihi.

Rangi ya kijani iliyotoka kahawia au nyekundu ni moshi: kijani hicho kinatoka kwenye shaba, na shaba inahitaji hewa. Mwishoni mwa uchomaji tia kuni chache nyembamba na acha mdomo wazi.

Kimedondoka ukutani

Mteja wa Njombe alinipigia: "Dada, njoo utazame, vigae vyako vinashuka kimoja kimoja." Nikamwambia, "Kaka, pole, kesho nakuja." Njiani kutwa nilikuwa nahesabu makosa yangu. Nilipofika nikageuza kimoja kilichoanguka: mgongo msafi, hauna hata chembe ya saruji. Kigae chetu kina vinyweleo vingi kuliko tailizi za kiwandani. Kikibandikwa kikavu kinanyonya maji ya saruji yote, saruji inageuka unga kabla haijakaza. Kiloweke hadi kiache kutoa mapovu, kipanguse, ndipo kibandikwe. Nami tangu hapo nakwaruza mifereji mgongoni udongo ukikaza, saruji ipate pa kung'ang'ania.

Kabla ya kumwambia mteja kigae kinafaa wapi, pima kinavyokunywa maji: kipime kikavu, loweka saa 24, kipangushe, kipime tena. Cha gramu 400 kikifika 452 kimekunywa asilimia 13. Kinachozidi 10 ni cha ukuta wa ndani tu. Cha nje kisizidi 3, hasa Makete na Njombe, ambako usiku wa Juni na Julai umande huganda. Maji yaliyoganda ndani ya kigae yanavimba na kukimenya tabaka kwa tabaka. Kwa udongo wangu na moto wangu sifiki 3, kwa hiyo kazi za nje nazikataa.

Na kwa kuwa swali ni lini, kila kigae nakiandika mgongoni kwa msumari: tarehe niliyosukuma, herufi ya shimo la udongo, na baadaye, kwa rangi ya udongo mwekundu, safu kilipokaa tanurini. Kile cha Njombe nilikigeuza, nikasoma, nikajua kilitoka kwenye uchomaji uliokwenda vizuri kabla fundi hajamaliza kujieleza. Andika udongo ukiwa umekaza lakini haujakauka. Kalamu ya wino haivuki moto.